Ndama Aliyefungwa Pembeni

Alimaliza paja kwanza. Mfupa akaufyonza, akaulaza ukingoni mwa sahani kama mtu anayelaza kalamu, ndipo akaniambia kwamba jogoo wangu amekufa bure.

Huyo ndiye Mwalimu wa Sita. Nyamitaba yote ilimwita hivyo kwa sababu alishika darasa la sita, la mwisho, lile ambalo mtoto akilimaliza ama anakwenda koleji ama anakwenda kazini. Alikozaliwa sikujua na ukoo wake sikuuliza. Mtu ukianza kumhesabu tangu kwa babu yake, utachelewa kufika kwake mwenyewe.

Mimi nilikuwa mchuuzi. Nilishuka na kinga, yaani baiskeli, mpaka Kashebere kwenye mlango wa msitu, nikanunua mafuta ya mawese, nikayasukuma kupanda milima hadi kwetu, ambako maziwa na maharage yapo lakini mchikichi unaogopa baridi. Kusoma nilifundishwa na katekista, na katekista hakujua habari ya pointi. Alitoa fimbo ao picha ya mtakatifu, basi. Kwa hiyo siku ile, mdogo wangu Faustini alipofanya mtihani wa kujaribu, nami nikamuuliza Mwalimu mlangoni pa kanisa amepata ngapi, naye akajibu akipita, "Kumi na moja juu ya makumi mbili," nilihesabu kama mtu wa soko.

Neno "juu" kwetu lina kazi nyingi kuliko mama wa mapacha. Kuna juu ya nyumba. Kuna "juu ya nini?", yaani kwa sababu gani. Na sokoni juu ni matabisi, kile kidogo ambacho muuzaji anakuongezea kipimo kikishajaa, ili kesho urudi kwake. Makumi mbili, na kumi na moja juu yake. Nilihesabu mara mbili, maana mimi kila kitu nahesabu mara mbili, na mara zote mbili ikatoka thelathini na moja. Nikachinja jogoo, nikamwalika.

"Kaka," alisema, akijifuta vidole, "hii juu haiko juu ya soko. Makumi mbili njo kibuyu kizima. Mutoto yako alijaza mpaka kwa kumi na moja. Kule koleji wanataka kumi na mbili, na wanapenda zaidi."

"Kwa hiyo hana makumi tatu na moja?"

"Hakuna muntu iko na makumi tatu na moja. Hata mimi sina."

Nikajaribu kujifariji. Nikamwambia kumi na moja si mbaya, imebaki moja tu. Akachukua karatasi ya Faustini, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akatulia kama mtu anayesubiri kitu kitue chini.

"Katika hizi kumi na moja," akasema, "tatu ni povu. Hapa alibahatisha. Hapa nilikuwa nimewaambia jana yake. Hapa aliandika vibaya, nikamusikilia huruma. Maziwa yenyewe ni munane."

Nilikuja mezani na thelathini na moja. Sijamaliza hata kukaa vizuri, nimebaki na nane. Kashebere kuna wanawake wanaojua kushusha bei ya mtu mpaka alie, lakini huyu aliwashinda wote, na tena akiwa na kuku wangu tumboni.

Niseme sasa jambo lililokuwa hatarini, msije mkadhani ni mzaha mtupu. Baba yetu alikuwa amefariki, na Faustini alikuwa mikononi mwangu. Koleji ilikuwa mbali, upande wa ziwa, na haikuchukua watoto wenye ndevu. Nao mdomo wa juu wa Faustini ulikuwa umeanza kuweka kivuli. Ilikuwa mwaka huu ao basi. Na kila siku ya soko kubwa kapita, msimamizi wa machimbo ya Walikale, alipita akiandika vijana wa kazi. Mara moja alimshika Faustini mabega, akayabonyeza kama anavyobonyezwa mbuzi, akaniambia, "Huyu iko tayari." Nikamjibu hauzwi. Akacheka: "Siulizi bei, kaka. Ninasema tu iko tayari." Maneno yale niliyabeba pamoja na mafuta kilima kizima.

Mwalimu wa Sita alikuwa mrefu, na koti lake lilikuwa la mtu mfupi. Asubuhi ukungu wa milima yetu ya Masisi ukipanda kutoka bondeni, walimu wengine walifunga madirisha, yeye aliyafungua. Ukungu uliingia, ukakaa na watoto kwenye mabenchi, ukafuta ubao nusu. Nilipita pale na mzigo wangu nikamsikia akifundisha ndani ya weupe ule, haonekani, sauti tu, na sauti za watoto zikimjibu kwa pamoja, na ng'ombe wakilia mahali fulani ambapo hata mbingu haikujua ni wapi. Nilisimama nikishika kinga yangu, sijui kama niko barabarani ao nimelala Kashebere naota. Kisha ukungu uliinuka kidogo, nikaona miguu: miguu ya meza, miguu ya watoto, na viatu vyake vikitembea peke yake.

"Wacha uingie," alisema nilipomuuliza. "Siku ya mtihani vichwa vyao vitajaa huu huu. Wauzoee."

Wazazi walimletea ndoto. Sijui nani alianzisha. Mama mmoja alikuja na kibuyu cha maziwa yaliyoganda: ameota mwanawe anavuka mto, katikati maji yanamchukua. Mwalimu hakumcheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza mto ulikuwa na rangi gani, akapokea kibuyu, ndipo akasema, "Mama, mutihani wa kujaribu nao ni ndoto. Ukiota umeanguka mutoni, ukiamka nguo ni kavu. Sasa tuko macho. Tumufundishe kuogelea." Mama aliondoka ametulia. Mimi nilimwambia kwamba hiyo si tafsiri ya ndoto. Akasema ndiyo tafsiri pekee anayoiweza.

Pointi za moto hakuzisoma. Watoto wakimaliza kujaribu, alisahihisha, akafunga karatasi kwa kamba, akazilaza mpaka baada ya misa ya Jumapili. Kama vile wake zetu wanavyolaza maziwa ili siagi ipande, alisema. Mtoto akipewa pointi zikiwa za moto ataona ukubwa wake tu. Zikipoa ataona zilikotoka. Nami mara ngapi nilimzunguka kuanzia Alhamisi nikimwomba nichungulie! Hata kona ya karatasi hakunionyesha.

Sasa, mtu huyu mgumu wa nusu pointi, sokoni alikuwa aibu tupu. Ukimtajia bei alilipa. Ukimtajia bei ya kijinga alilipa, akashukuru. Niliwahi kumwona akinunua maharage, mwanamke akataja bei ya kwanza, ile bei ambayo hakuna anayeitarajia, inayotajwa ili mazungumzo yawe na mahali pa kuanzia, naye akatoa yote. Mwanamke akabaki na mdomo wazi, amenyang'anywa asubuhi yake. Nikamvuta pembeni.

"Mwalimu, kwa nini hubishani?"

"Yeye alilima. Anajua bei kuniliko."

"Na mimi ninamujua mutoto yangu kukuliko. Basi niuzie pointi moja. Weka kumi na mbili, nikuletee mafuta chupa nzima."

"Kaka, nikiongeza huku, kule ziwani watapunguza. Pointi ya zawadi haivuke mulima."

"Chupa mbili."

"Hata pipa."

Sijawahi kushindwa haraka vile. Na aliyenishinda alikuwa amebeba maharage ya bei ya harusi.

Tena aliogopa ng'ombe. Kuishi Nyamitaba ukaogopa ng'ombe ni sawa na kuishi majini ukaogopa kulowa. Kundi likija njiani, alipanda ukingo, akasimama huko na koti lake fupi, akijifanya anatazama mandhari. Watoto waliopeleka mifugo ya wazazi wao walimpungia mkono kwa heshima, wakasubiri wafike kona ndipo wacheke. Lakini darasani, midomo yake haikukauka mifano ya ng'ombe. "Pointi iliyopotea haikufa," aliwaambia. "Ng'ombe aliyepotea iko na kwato. Rudi nyuma, fuata kwato."

Hivyo njo alivyofanya na Faustini. Zile tisa zilizokosekana alizifuata moja moja, akauliza kila mara, "Hapa ulifika namna gani?" Hakuuliza kwa nini umekosa. Namna gani. Siku moja nilikuwa nimeegemea dirisha, nimetua mzigo, nikasikia yote.

Hesabu iliyoandikwa ubaoni ilikuwa hii: ng'ombe anatoa litre sita asubuhi na litre ine mangaribi. Kwa siku saba, atatoa litre ngapi? Jibu la Faustini lilikuwa thelathini na tano.

"Sita na ine?" aliuliza Mwalimu.

"Kumi."

"Mara saba?"

"Makumi saba."

"Sasa hii makumi tatu na tano ilitoka wapi?"

Faustini akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza jua liko upande gani. "Mwalimu, na ndama atakunywa nini?"

Watoto wa wafugaji walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Mwalimu akauliza wangapi walimtolea ndama sehemu yake. Mikono ikapanda, mingi. Akauliza, bila kutaka sana kujua, kwenye ile hesabu ya magunia ya maharage wangapi walitoa mbegu ya kupanda. Ikapanda mikono iliyobaki, ya watoto wa wakulima.

"Aliyeandika hesabu hakuweka ndama," alisema taratibu.

"Basi iko wapi?"

"Haiko."

"Mwalimu," akasema Faustini, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mkubwa wake, "kama ndama haiko, ule ng'ombe hatashusha maziwa. Hata moja. Jibu ni sifuri."

Darasa likapasuka kwa kicheko, na mimi dirishani nikacheka, maana ni kweli tupu: ng'ombe wetu bila ndama wake kumgusa chuchu anakutazama tu. Mwalimu hakujua. Aliyeogopa ng'ombe angejulia wapi? Alikwenda dirishani, akasimama karibu nami bila kuniona, akatazama ukungu muda mrefu. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kumweka ndama.

Alirudi ubaoni, akachora pembeni kijiti kifupi kilichosimama wima.

"Hiki ni kigingi. Mukikuta ng'ombe kwenye hesabu, mbele ya yote chora kigingi pembeni, mufunge ndama hapo. Mwambie angoje. Hamumuue, hamumufukuze, munasikia? Munamufunga tu. Hesabu maziwa yote. Mutihani ukiisha, murudi mumufungue."

"Na mbegu?" aliuliza mtoto wa mkulima.

"Mbegu nayo iko na kigingi."

Tangu siku ile karatasi za Nyamitaba ziliota vijiti pembeni kama ua wa zizi. Mtihani wa pili wa kujaribu Faustini alipata kumi. Nilimkimbilia Mwalimu.

"Imeshuka, Mwalimu! Na wewe unacheka?"

"Povu njo limeshuka. Angalia: ng'ombe wote wamepatikana. Alipoteza kwa dikte tu, alikimbia. Hii kumi ni nzito kuliko ile kumi na moja."

"Kumi ikawa nzito kuliko kumi na moja?"

"Wewe unauza mafuta. Chupa yenye povu iko sawa na chupa yenye mafuta?"

Swali hilo muuza mafuta halijibu hadharani. Hiyo dikte, yaani imla, Mwalimu akamrekebishia kwa kumsomesha kwa sauti kila jioni wakitembea ukingoni mwa njia, na mtihani wa tatu ikaja kumi na tatu. Mwalimu aliipima, akaondoa povu nusu, akasema inavuka mulima.

Wakafanya mtihani wenyewe kule misioni, mbele ya padri aliyetumwa na koleji. Faustini akarudi amechoka, anasema alifunga ndama wote. Tukasubiri. Katika kusubiri kule niliota mara kwa mara nasukuma kinga katika weupe, na mafuta hayana uzito, na kila nikigeuka nyuma naona ndama wananifuata bila sauti.

Kisha mjumbe akaja: Mwalimu wa Sita anaitwa misioni pamoja na Faustini. Padri ameona kwamba watoto wa Nyamitaba wana alama moja pembeni mwa karatasi, mahali pale pale, kwenye hesabu zile zile. Amewaza ni alama ya siri, wamepeana majibu. Karatasi zao zitatupwa.

Tuliondoka alfajiri, watatu. Njia fupi ilipita malishoni, na ng'ombe walikuwa wamelala ndani ya ukungu kama mawe yanayopumua. Mwalimu alisimama. Nikamwambia tuzunguke barabarani.

"Kwa barabara tutafika saa ngapi?"

"Tutachelewa."

Akashika nyuma ya kinga yangu kwa mikono miwili, akafumba macho. "Sukuma, kaka." Nikamvusha hivyo, mtu mzima mwenye elimu, akifuata kiti cha baiskeli kama kipofu, na Faustini mbele akiwaambia ng'ombe polepole kwa lugha yao wasogee. Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Padri alikuwa na ndevu ndefu na karatasi mezani. Mwalimu alieleza kuhusu ndama. Nilimsikia akieleza, na kwa mara ya kwanza maelezo yale yakaonekana hadithi ya kitoto, yakaelea chumbani bila mahali pa kutua. Padri akamtazama, akazitazama karatasi. Mwisho akasema kwa Kiswahili chake: "Vizuri. Mutoto atafanya hesabu hapa, mbele yangu, kwa mudomo. Bila karatasi."

Bila karatasi. Nikaona rangi ya Mwalimu ikibadilika. Bila karatasi hakuna pembeni, na bila pembeni mtoto atamfunga ndama wapi?

"Ng'ombe munane," alisema padri. "Kila mumoja anatoa litre tano kwa siku. Kwa siku kumi na mbili, ngapi?"

Faustini akatazama mlango. Akatazama meza. Niliona midomo yake ikianza kusogea upande ule wa zamani, upande wa nusu, na nilitaka kupiga kelele kama sokoni. Kisha akateremsha mkono wa kushoto, akasimamisha kidole gumba wima kwenye ukingo wa meza, akakibana kwa mkono wa kuume kana kwamba anafunga kamba. Akamnong'oneza kidole: "Ngoja."

"Mia ine na makumi munane," akasema.

Padri hakukitazama kinywa chake. Alikitazama kidole. Alikitazama mpaka akaelewa, na ndevu zake zikatikisika kidogo, akazikusanya zile karatasi zenye vijiti, akaziweka pamoja na nyingine. Faustini akachukuliwa koleji. Kapita alipopita soko lililofuata, nikamwambia yule aliyekuwa tayari amekwenda.

Miaka ilipita. Mwalimu akahamishwa, watu wakasema kwa Walikale. Nami biashara ikanifikisha huko, kwa barabara ya msituni, nikapanga chupa zangu sokoni kwenye joto. Siku moja koti fupi likasimama mbele yangu. Nywele zilikuwa nyeupe, kana kwamba amebeba ukungu wetu kichwani akashindwa kuutua.

"Kaka! Huku hakuna ng'ombe," ndilo neno lake la kwanza, kwa furaha kubwa. Kisha akapunguza sauti. "Lakini asubuhi nikifungua dirisha, hakuna kinachoingia."

Nikampa habari: Faustini anamaliza, Faustini anasifiwa kwa hesabu. Alisikiliza kama anasubiri kitu kingine. Akainama juu ya chupa zangu.

"Niambie kitu moja. Ule mutoto, alirudi kumufungua?"

"Nani?"

"Ndama. Niliwaambia wote mutihani ukiisha mumufungue. Walienda mbali. Wengine sasa wanahesabia kampuni maziwa, kahawa, watu. Usiku ninawaza: kama wamewaacha wamefungwa?"

Nikamweleza nilichokiona kwa macho. Likizo iliyopita Faustini aliamka kabla yangu, akaenda zizini na suruali yake ya koleji. Nilimkuta akikamua. Alimwacha ndama aguse kwanza, akakamua, kisha kibuyu kikiwa bado hakijajaa akainuka, akamwachia ndama chuchu zilizobaki, kama baba yetu alivyofanya. Nilimwambia kibuyu kina nafasi. Akaniambia ile nafasi ina mwenyewe.

Mwalimu wa Sita aliitikia kwa kichwa polepole. Akauliza bei ya chupa. Nikataja bei ya kwanza, kwa mazoea tu, na yeye, kwa mazoea yake, akailipa. Alikuwa ameanza kugeuka nilipomshika mkono wa koti, nikaitwaa chupa, nikamimina mafuta mengine mpaka yakafika mdomoni. Tangu nianze kuuza sijawahi kumwongeza mtu ambaye hajaomba.

Akaitazama chupa. "Juu ya nini?" aliuliza.

"Juu ya makumi mbili, Mwalimu."

Alicheka mpaka akakaa juu ya kreti yangu. Kisha akainua chupa kwenye mwanga, akangoja povu lishuke, akaona hapakupungua kitu, ndipo akaifunga.